Sululu ya Dola Tatu na Nusu

Mwaka 1935 Lloyd Anderson, mhandisi wa mjini Seattle aliyemaliza wiki zake milimani, alikuwa anatafuta sululu ya barafu. Milima ya upande ule wa Marekani, Rainier ukiwa mkubwa kuliko yote kwa mita 4,392, hukaa na barafu mwaka mzima, na anayeteleza bila sululu ya kujizuia hana cha kushika. Madukani mwa Seattle sululu zilikuwepo, ila chache, za bei ya kuumiza, na ubora wake haukumridhisha mtu aliyekuwa anaziwekea roho yake. Mkewe Mary, mwalimu aliyeweza kusoma Kijerumani, akapekua naye katalogi za Austria. Wakaandika barua, wakatuma pesa. Sululu ikaja kwa posta, na gharama yote pamoja na usafirishaji ikawa dola 3.50.

Pesa hiyo kwa thamani ya leo ni kama dola 80. Ukiingia leo katika duka lolote la vifaa vya milimani huko Marekani, sululu ya kawaida inaanzia hapo hapo, 80 au 100. Yaani bei iliyobidi itafutwe ng'ambo ya bahari siku zile, siku hizi iko rafuni kwa kila muuzaji. Lishike hilo, kwa maana ndilo linaloamua kama duka ambalo Anderson alikuja kulizaa kutokana na sululu hiyo lina faida kwa mnunuzi wa sasa, awe Mtanzania anayeishi Seattle au mgeni anayejifungia mizigo kwenda Kilimanjaro.

Wenzake wa chama cha The Mountaineers walipoiona ile sululu wakamwomba awaagizie na wao. Akawaagizia, wakaja wengine. Nyumba yao ya West Seattle ikaanza kugeuka ghala, vifaa vimejaa darini, Mary anafungasha na kushika daftari. Mwaka 1938 watu 23, wao wawili wakiwemo, wakasajili ushirika. Kiingilio kilikuwa dola 1. Duka lenyewe halikuwa duka: rafu chache tu ndani ya duka la chakula la ushirika mwingine, karibu na soko la Pike Place. Leo tunalijua kwa jina la REI, na wanachama wake wamepita milioni 24.

Anderson angeweza kufanya alivyofanya kila muuzaji: akanunua kwa 3.50, akauza kwa 7, akanyamaza. Alikuwa na mshahara wake na hakuonekana kuwa na haraka ya utajiri. Yeye na wenzake wakachagua njia ya wafumaji wa Rochdale, kule Uingereza, walioianzisha mwaka 1844. Mwanachama ananunua kwa bei ya kawaida ya soko, mwisho wa mwaka hesabu zinafungwa, na ziada inarudi kwa kila mmoja kulingana na manunuzi yake. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Chama chake cha KNCU kilianza 1933, miaka mitano kabla ya hawa wa Seattle, na utaratibu wake ndio huo huo uliogeuzwa upande: unapeleka kahawa, unapata malipo ya awali, kisha msimu ukiisha na kahawa ikauzwa vizuri unapata malipo ya pili kwa kila kilo uliyopeleka. Mmoja anarudishiwa kwa alichouza, mwingine kwa alichonunua.

Mwisho wa ule mwaka wa kwanza wanachama walikuwa 82 na gawio lote lilikuwa dola 213.85. Ukigawa, ni kama dola 2.60 kwa mtu, zaidi ya mara mbili ya kiingilio. Kwa hesabu ya namna hiyo, nani angehitaji tangazo?

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Mwaka 1955 Anderson alimwajiri kijana mpanda milima, Jim Whittaker, kuwa mfanyakazi wa kwanza wa kudumu. Tarehe 1 Mei 1963 Whittaker akawa Mmarekani wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa na Nawang Gombu, na hakuna duka la michezo duniani lililopata karani wa kaunta mwenye sifa kama hiyo. Mwaka 1971 akashika usukani kutoka kwa Anderson. Mwaka 1996 likafunguliwa duka kubwa la Seattle lenye mnara wa kupandia ndani kwa ndani, unaokaribia mita 20. Lloyd alifariki 2000, Mary 2017 akiwa na umri wa miaka 107.

Sasa tuje kwenye mfuko wako.

Kiingilio leo ni dola 30, unalipa mara moja maishani. Mwanachama hurudishiwa kwa kawaida asilimia 10 ya alichonunua, na pesa hiyo haiji papo hapo. Huwekwa kwenye akaunti yake mwezi Machi wa mwaka unaofuata. Wenyewe wameacha kuiita gawio, siku hizi ni zawadi ya mwanachama, na mimi naona jina la zamani lilikuwa la kweli zaidi. Kuna sharti ambalo wengi hulipita bila kulisoma: asilimia 10 hiyo ni ya bidhaa za bei kamili tu. Kilichoshushwa bei hakihesabiwi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi tuandike. Ili kiingilio cha 30 kirudi chote, lazima ununue vitu vya dola 300 kwa bei kamili. Hizo ni buti nzuri na koti la mvua la kiasi, na mpandaji wa mara kwa mara anazifikisha katika msimu mmoja. Baba mwenye watoto watatu wanaohitaji mipira na viatu vya shule hazifikishi, na wala asijilazimishe, kwa sababu duka hili halimlengi yeye.

Mshindani wake mkubwa kwa familia kama hiyo ni duka la vifaa vya michezo la Dick's, nalo lina mwanzilishi wa kutajika. Dick Stack alikuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1948, kibarua wa duka moja mjini Binghamton, jimbo la New York. Bosi alimwagiza aandike vinavyohitajika ili waanze kuuza zana za uvuvi, kijana akaandika usiku kucha, bosi akampuuza. Bibi yake akatoa dola 300 alizokuwa amezificha kwenye mtungi wa biskuti, naye akafungua duka lake mwenyewe. Dick's haina kiingilio. Ukijiandikisha bure unapata pointi moja kwa kila dola, na pointi 300 hukupa dola 10. Hiyo ni kama asilimia 3.3.

Ukiziweka sambamba, REI hurudisha mara tatu ya Dick's lakini imekutangulizia deni la 30. Njia hizo mbili zinakutana kwenye dola 450 za manunuzi: hapo kila upande umekuachia faida ya 15. Chini ya 450 Dick's inashinda; juu yake REI inashinda, na kwa kuwa kiingilio hakilipwi tena, kuanzia mwaka wa pili REI inashinda moja kwa moja. Hii ni kwa yule anayenunua bei kamili katika maduka yote mawili, mtu ambaye ningempa pole kabla sijampa ushauri. Koti la dola 200 likinunuliwa REI leo, mwezi Machi utarudishiwa 20, basi limekugharimu 180. Koti hilo hilo likishushwa asilimia 25 mwisho wa msimu, popote pale, ni 150, na pesa umebaki nayo mkononi leo. Gawio halijawahi kushinda subira.

Tena kuna kodi ya mauzo, ambayo humshtua mgeni kutoka Afrika Mashariki kwenye kaunta kwa sababu haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Seattle inazidi asilimia 10. Yaani gawio lako lote limekwisha kumezwa na jimbo kabla hujalipata. Jimbo jirani la Oregon halina kodi ya mauzo kabisa, na kutoka Seattle hadi Portland ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Mkazi wa Washington asifurahie mapema: kisheria hudaiwa kodi hiyo hata akinunulia ng'ambo ya mpaka. Mgeni anayepita Portland kabla ya kurudi nyumbani ndiye mwenye bahati.

Hadi hapa REI haijaonyesha ubabe wowote wa bei. Nguvu yake iko kwenye kurudisha bidhaa. Mwanachama ana mwaka mzima wa kurudisha kitu kisichomridhisha, hata kama amekitumia. Asiye mwanachama ana siku 90. Vifaa vya elektroniki ni siku 90 kwa wote. Kwa hema au koti hii ni huruma tu ya ziada, ila kwa buti ni pesa taslimu. Buti hazijulikani dukani. Zinajulikana kilomita ya kumi na mbili, mnapoteremka, vidole vinapogonga mbele na kucha kuanza kuuma. Mwenye haki ya kuzirudisha baada ya hapo amenunua kitu tofauti kabisa na yule aliyeokoa dola 40 mtandaoni na kubaki na buti zisizomfaa. Nenda kuzijaribu alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na soksi utakazopandia, kisha simama kwenye mteremko. Maduka mengi ya aina hii yana ubao wa kutelemkia kwa kazi hiyo. Usione aibu kusimama juu yake dakika kumi.

Huruma hii ilikuwa kubwa zaidi. Hadi 2013 mwanachama aliweza kurudisha chochote wakati wowote, na watu, kama ilivyo desturi ya watu, wakaonja mpaka wakamaliza chungu. Walirudisha viatu vya miaka kumi vilivyolika hadi soli. Wateja wenyewe wakaitania kampuni kwa kuyapotosha maneno ya Kiingereza ya jina lake, kwamba ni kampuni ya Rudisha Kila Kitu. Mwaka huo ukawekwa mpaka wa mwaka mmoja.

Upande wa pili wa nchi, mji mdogo wa Freeport jimboni Maine, kulikuwa na ahadi ya zamani zaidi. Leon Leonwood Bean alibuni mwaka 1912 buti ya mwindaji, chini mpira, juu ngozi, akaituma kwa posta kwa watu wa majimbo mengine wenye vibali vya uwindaji. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudi, ngozi imeachana na mpira. Akawarudishia wote pesa zao, akakopa, akatengeneza upya. Kutokana na aibu hiyo ikazaliwa dhamana ya L.L.Bean isiyo na kikomo, iliyodumu zaidi ya karne, hadi Februari 2018, walipoona kwamba watu wanaokota mitumba yenye nembo yao mitaani na kuileta kudai mpya. Sasa nako ni mwaka mmoja, na uje na uthibitisho wa ununuzi.

Kwa mnunuzi, dhamana ya maisha ilikuwa bima ambayo malipo yake yalifichwa ndani ya bei. Aliyekuwa anatunza viatu vyake alimlipia jirani asiyetunza. Kwa mtazamo wangu ukomo wa mwaka mmoja umemtendea haki mtu mwangalifu, japo sijaona bei ikishuka kwa shukrani. Bean bado wanakubali kubadilisha soli za zile buti zao kwa malipo, na hiyo ndiyo ningeihesabu kuwa dhamana ya kweli: buti unayoweza kuitengeneza mara mbili ni nafuu kuliko buti mbili.

Swali jingine ni kama REI bado ni ushirika au ni jina tu. Mwaka 2023 ilipata hasara ya dola milioni 311, mwaka uliofuata milioni 156. Januari 2025 ikafunga kitengo chake cha safari na mafunzo, kitengo ambacho miaka ya nyuma kiliwahi kuleta wageni hata Kilimanjaro, na mamia wakapoteza kazi. Wafanyakazi wa maduka kadhaa wamejiunga na chama cha wafanyakazi, wa kwanza wakiwa wa duka la SoHo, New York, mwaka 2022. Majira ya machipuko ya 2025 wanachama walifanya jambo lisilo la kawaida kwao: wakapiga kura ya kuwakataa wagombea wote wa bodi waliopendekezwa na bodi yenyewe. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, akaona wajumbe wakikataa taarifa ya mhasibu, ataitambua harufu hiyo. Ushirika ambao wanachama wake bado wanaweza kukasirika na kukasirika kwao kukaonekana haujafa. Lakini usilipe dola 30 kwa ajili ya kura. Lipa kwa ajili ya buti.

Na pengine usilipe kabisa. Vifaa vya milimani vina tabia ya kutumika siku sita na kulala kabatini miaka minne. Maduka kadhaa ya REI hukodisha mahema na mabegi ya kulalia, mwanachama akitozwa pungufu, na pia huuza bidhaa zilizorudishwa au kutumika. Kipimo changu ni chepesi: gawanya bei ya kununua kwa gharama ya kukodi safari moja. Ukipata tatu, na una hakika ya safari tatu, nunua. Ukipata sita, mwenzangu, kodi.

Kwa anayekuja Kilimanjaro hesabu inaegemea zaidi kwenye kukodi. Kwanza, ile sululu ya Anderson muache nayo Seattle. Njia za kawaida za Marangu, Machame, Lemosho na Rongai hazihitaji sululu. Kinachohitajika ni begi la kulalia la baridi kali, koti zito, koti la mvua, taa ya kichwani na buti. Moshi na Arusha wapo wakodishaji wa vyote hivyo. Begi la kulalia la baridi ni ghali kununua, ni zito ndani ya ndege, na mtu anayeishi Dar es Salaam au Dubai hatalitumia tena. Hilo likodi, ila lifungue mbele ya mwenye duka, likung'ute na liache dakika kumi. Lisipofura, manyoya yake yamekwisha kushikana na utatetemeka kambini Barafu. Vuta zipu yake mara tatu kwenda na kurudi. Buti usikodi ukiweza, kwa sababu mguu wa mwenzako umekwisha kuzipa umbo lake. Nunua mapema na uzizoeshe kwa wiki kadhaa mjini.

Uzito nao una bei, ingawa huilipi wewe. Mpagazi wa Kilimanjaro haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na kila kitu ulichonunua kwa sababu kilikuwa na punguzo kitakaa juu ya kichwa chake. Wapagazi wenyewe mara nyingi hawana makoti ya kutosha. Mradi wa kuwasaidia, KPAP, ulioanza 2003 na wenye ofisi Moshi, huwaazima bure nguo za baridi, nyingi zikiwa zimechangwa na wapandaji. Koti lako likishamaliza kazi, pale lina faida kuliko kabatini.

Kuna duka jingine ambalo Waswahili tunalijua kuliko REI na Bean kwa pamoja: mitumba. Kiboriloni na Memorial kule Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, makoti ya chapa zile zile hufika kwa sehemu ndogo ya bei. Koti la mvua ligeuze ndani nje. Ukiona utepe wa mishono unabanduka au ngozi ya ndani inapukutika kama magamba, uwezo wake wa kuzuia maji umekwisha na hakuna fundi wa kuurudisha. Likiwa limechoka nje tu, ndani zima, chukua. Kamba ya kupandia na helmeti usinunue mtumba kwa bei yoyote, kwa sababu uchakavu wake hauonekani kwa macho.

Buti ndizo zinazodanganya zaidi. Soli za kati za buti nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki laini inayooza kwa unyevu wa hewa hata kama buti haijavaliwa. Jozi iliyokaa kwenye boksi miaka minane Ulaya huonekana mpya kabisa juu ya turubai, ngozi inang'aa, kamba hazijaguswa, na soli inaachia siku ya pili njiani. Kabla ya kulipa, bonyeza soli ya kati kwa ukucha kwa nguvu, halafu ikunje buti mara kadhaa. Ikitoa nyufa au unga, irudishe juu ya turubai, hata muuzaji akishusha hadi elfu tano.